Asali Niliyomficha Nesi

Mwenye kosa ni mimi. Naliweka hilo mbele ili msije mkasoma nusu ukurasa mkaanza kumlaumu nesi. Nesi nilishamlaumu mimi mwenyewe vya kutosha, na daktari, na kile kimashine chao cha kupimia sukari, na wifi yangu. Wote hao niliwasingizia kwa zamu. Walipoisha nikabaki mimi.

Shule nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo mtanivumilia. Jina siandiki. Binti yetu mkubwa nitamwita Mwanaidi, ambalo si jina lake, basi mume wangu awe Baba Mwanaidi na mimi Mama Mwanaidi. Anayetufahamu atatufahamu tu. Kule kijijini kwetu Handeni habari hii imeshafika mpaka kisimani, wanawake wanachota maji wananitazama kwa pembe ya jicho. Waacheni watazame. Nilichoficha nilishakificha, na mtaona kilichonipata.

Baba Mwanaidi ana sukari, huu mwaka wa tisa. Namaanisha ugonjwa. Alikuwa anameza vidonge vyake asubuhi na jioni, na mimi ndiye niliyekuwa namkumbusha, kwa sababu mume wangu anaweza kukumbuka mbuzi aliyepotea tukiwa vijana, rangi yake na pembe zake, lakini kidonge cha jana hakikumbuki. Kwenye chai nilimwondolea sukari. Hilo nililikubali. Asali sikumwondolea. Kwa akili yangu asali haikuwa sukari. Sukari inatoka kiwandani, asali inatoka kwa Mungu. Nilikuwa nasema hivyo kwa sauti kubwa, harusini na misibani, na watu wanatikisa vichwa kama vile nimesomea.

Sasa sikilizeni.

Tulikuja Korogwe kumjulia hali wifi yangu, dada yake Baba Mwanaidi. Ni mjane, anakaa si mbali na hospitali moja ambayo jina lake halihitajiki hapa. Asubuhi ya pili mzee akanywa chai, akasema chembe ya moyo inamchoma na mkono wa kushoto umekuwa mzito. Jasho likamtoka mpaka shati likalowa, na jua lilikuwa bado halijapanda. Mimi nikasema ni kiungulia, mhogo wa jana ulikaangwa na mafuta mengi. Nikabandika maji nichemshe tangawizi.

Wifi akaniambia, "Wifi, mtu anatoka jasho hivi, wewe unakwangua tangawizi?"

"Itamtoa gesi."

"Itamtoa roho." Akatoka nje akasimamisha bajaji. Ile tangawizi ilibaki jikoni inachemka peke yake mpaka sufuria ikaungua. Kama wifi angenisubiri mimi, barua hii ningeiandika nikiwa mjane.

Hospitali walimbandika vibandiko kifuani, mashine ikachora mistari kwenye karatasi, wakamtoboa kidole, wakamweka dripu. Daktari ni mtu wa makamo, anaongea taratibu. Akatuita mimi na wifi.

"Bibi, mzee amepata shambulio la moyo. Mshipa unaopeleka damu kwenye moyo umeziba, na sehemu ya moyo imeumia. Tumeshampa dawa. Lakini kuna jambo la pili. Sukari yake iko kumi na nane."

"Kumi na nane ni nyingi?"

"Ni nyingi sana. Moyo wake sasa hivi una kidonda. Sukari ikikaa juu, kile kidonda kinazidi kuharibika. Lakini tukiishusha kupita kiasi, ikaanguka ghafla, moyo unaweza kugoma palepale. Tunaitaka ikae katikati, isipande sana, isishuke sana. Vidonge vyake tunaviweka pembeni kwanza. Tutamchoma sindano za insulini na kumpima kidole kabla ya kila chakula. Kiasi cha sindano tunakipanga kwa kuangalia vipimo na anachokula. Kwa hiyo kila kinachoingia mdomoni mwake tukijue. Umenielewa, bibi?"

Nikaitikia. Mimi ni hodari sana wa kuitikia.

Nesi wa wodi ile alikuwa binti kutoka Kwashemshi, mwembamba, mkali kidogo, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Akanielekeza cha kuleta. Ugali wa dona kiasi cha ngumi, mboga za majani, samaki au maharage. Chai bila sukari, na yai. Soda hapana, juisi hapana, maandazi hapana. Asali hakuitaja. Na mimi sikumuuliza, kwa sababu nilijua atajibu nini.

Hapo ndipo nilipoanzia kukosa. Msinitafutie pengine.

Siku ya pili niliingia wodini nikamkuta mzee macho yameingia ndani, mashavu yamebonyea. Mbele yake sahani ya mchicha. Mwanaume aliyekuwa analima ekari mbili kwa jembe la mkono, mbele yake mchicha, kama mbuzi wa kufungwa. Nikafikiria watu wa kwetu watakaokuja kumwona. Watarudi Handeni na kusema nini? Kwamba Mama Mwanaidi mume wake yuko kitandani hata uji hapati. Kwetu mgonjwa asipopelekewa uji watu wanajua mmeshamkatia tamaa.

Basi nikampikia uji. Uji wa ulezi, mzito, na asali vijiko vinne kwa kikombe. Ile asali nilikuja nayo kwenye kikapu, asali ya mizinga ya kaka yangu, nyeusi, nzuri, ukiinusa unakumbuka pori. Nikautia kwenye chupa ya chai. Hotipoti ya ugali na mboga nikaishika mkononi waione wote, chupa nikaikumbatia ndani ya kanga.

Nesi hakuwa mjinga. Akanisimamisha mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Ndani ya chupa kuna nini?"

"Maji ya moto."

"Ya nini?"

"Ya kumpangusa miguu mzee. Imekauka."

Akatabasamu. "Hongera, bibi. Wengi hawakumbuki miguu, na mgonjwa wa sukari miguu ndiyo ya kutunzwa."

Yaani nilidanganya nikapewa na hongera juu yake. Nikapita kifua mbele.

Mzee akanywa vikombe viwili, akapangusa mdomo. Nikamwambia, "Nesi asijue." Akasema, "Mimi simo." Tukacheka wote wawili kama vijana walioiba maembe. Hivyo ndivyo tulivyokuwa, watu wazima wenye wajukuu.

Nyumbani wifi akaanza kuuliza kuhusu ule uji, kwa sababu napika jikoni kwake na ulezi ni wake.

"Wifi, uji wote huo wa nani?"

"Wangu. Kuuguza kunachosha."

"Vikombe sita kwa siku? Utarudi Handeni kwa lori, basi halitakubeba."

Nikaendelea kukoroga. Afadhali nionekane mlafi kuliko kuulizwa ameruhusu nani.

Sasa sukari ya mzee. Waliyoikuta kumi na nane wakaishusha siku ya kwanza ikafika kumi na moja. Nilipoanza na uji ikawa kumi na tano. Kesho yake kumi na tisa. Nesi akapima mara mbili, akakunja uso. Daktari akaja, akasoma faili, akaongeza sindano. Siku iliyofuata kumi na saba. Akaongeza tena. Mimi nimekaa pale kwenye kiti cha plastiki, nimekunja mikono, nawatazama wasomi wanavyohangaika.

Nesi akamwinamia mzee. "Babu, kuna kitu kingine umekula?"

"Nimekula alicholeta mama."

Hakudanganya, mnaona. Yeye ni mtu wa dini. Uongo aliniachia mimi.

Nesi akanigeukia. "Bibi?"

"Ugali uleule ulioufunua mwenyewe. Labda kimashine chenu kimeisha betri."

Yule binti alijitoboa kidole chake mwenyewe mbele yangu, akaweka tone la damu, akanionyesha namba. Tano na kitu. "Mashine ni nzima, bibi."

Nikamwambia, "Labda wewe inakupenda."

Wake wa wagonjwa wengine wakacheka. Niliona raha jamani, siwafichi. Niliona raha sana. Jioni nikawakusanya pale nje tunapofulia, nikawapa somo. Nikawaambia hizi sindano ndizo zinazopandisha sukari, tazameni mume wangu, kila wakimwongezea na namba inapanda. Mmoja akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia, "Macho ninayo." Ningejibu zaidi, lakini chupa ilikuwa kwapani na uji ulikuwa unapoa.

Siku ya sita asali ikaisha.

Mtu mwenye akili angesema, imeisha, basi. Mimi kesho yake nilidamka nikapanda gari la Handeni kuifuata nyingine kwa kaka yangu. Wifi nikamwachia kazi ya chakula. Nikamwelekeza sawasawa, ugali kiasi hiki, mchicha, asubuhi chai kavu, yai na kipande cha mhogo wa kuchemsha. Uji sikumtajia. Ningeutajaje, wakati kwa maelezo yangu ule uji ulikuwa wangu?

Yaliyotokea mimi nikiwa njiani nimeyapata kwa wifi na kwa nesi, na wote wawili wameyasimulia vilevile, kwa hiyo ni kweli.

Asubuhi nesi alimpima mzee, akakuta kumi na mbili. Akaangalia kama chakula kipo, akakiona, akamchoma sindano kama ilivyoandikwa kwenye faili, ile iliyoongezwa mara mbili. Mzee akala yai. Mhogo hakuugusa. Alikuwa anausubiri uji wake. Hakuna aliyemwambia kwamba siku hiyo uji hautakuja. Mimi sikumuaga, nilitaka nirudi jioni na asali nimshangaze. Na hakuweza kumuuliza wifi, kwa kuwa nilimwambia ni siri. Kwa hiyo akafunika sahani na kitambaa, nesi alipopita akamwambia, "Nimeshiba." Akalala chali kusubiri.

Saa nne jasho likaanza. Wifi akadhani ni joto, akampepea na kanga. Mikono ikaanza kutetemeka. Halafu akaanza kuongea Kizigua na mama yake, anamwambia mbuzi wameingia shambani. Mama yake tulimzika kabla Mwanaidi hajazaliwa. Wifi akapiga kelele kumwita nesi. Nesi alikuja mbio, akatoboa kidole, akakuta moja na tisa. Siyo kumi na tisa. Moja, nukta, tisa. Hapo mzee alikuwa ameshanyamaza na hamjibu mtu.

Wakamsukumia maji ya sukari kwenye mshipa. Akarudi. Ila moyo ukawa umeshashtuka, unakimbia ovyo, unasimama, unakimbia tena. Kifua kikamuuma upya. Wakarudisha vile vibandiko, mistari ikatoka mibaya kuliko ya siku ya kwanza, wakamhamishia chumba cha wagonjwa wa kuangaliwa kwa karibu.

Wakati huo mimi nilikuwa Segera, nimerudi kwa njia ya Mkata kwa sababu ndilo gari nililolipata, nasubiri la Korogwe. Miguuni nina dumu la lita tano la asali. Muuza machungwa mmoja akanisalimia, akaniuliza, "Bibi, asali yote hiyo ya nini?" Nikamwambia ya mgonjwa. Akaniombea dua.

Niliingia hospitali saa kumi, wakati wa kuona wagonjwa. Nikakuta kitanda kitupu, godoro limepanguswa. Mama mmoja anayeuguza kitanda cha jirani akaniwahi, "Yupo, bibi, yupo, wamemhamisha." Nikaufuata huo mlango aliouonyesha, dumu langu mkononi.

Mle ndani mzee alikuwa amelala na nyaya kifuani, mdomo mkavu, rangi ya majivu. Wifi amekaa chini analia. Daktari kasimama, na nesi mkuu wa wodi, mama mnene mwenye miwani, ana faili mkononi. Mbele yao yule binti wa Kwashemshi, nesi mkuu anamhoji.

"Uliandikiwa yuniti ngapi?"

Akataja.

"Ulimpa ngapi?"

Akataja zilezile.

"Alikula?"

"Chakula kilikuwepo, nilikiona kwa macho yangu. Akaniambia ameshiba."

"Sasa imeangukaje hivi? Jana dozi hii hii ilikuwa haimtoshi. Una hakika ulisoma bomba la sindano vizuri?"

Binti akalitazama faili tena. Akasema, "Nadhani nilisoma vizuri." Yeye mwenyewe akaanza kujitilia shaka, mtu ambaye hakukosea chochote.

Mimi nimesimama mlangoni na lita tano za jibu mkononi.

Najua mnachotarajia. Mnatarajia kwamba hapo bibi alisema. Bibi hakusema. Bibi alifanya kibaya zaidi. Niliweka dumu chini nyuma ya mlango, nikaingia, nikasema, "Mimi nilisema tangu mwanzo hizi sindano zitamwua. Mkanicheka."

Wifi akanidakia palepale, "Mnamuua ndugu yangu. Na huyu msichana ndiye aliyemchoma."

Binti akafuta macho kwa mkono wa gauni. Na mimi nikaacha alaumiwe.

Ndipo Baba Mwanaidi akafumbua macho. Sauti yangu ndiyo iliyomwamsha. Alinitafuta mpaka akaniona, akasema, taratibu, wala si kwa lawama, "Mama Mwanaidi. Leo uji umechelewa."



Yule nesi binti akamsogelea. "Uji gani, babu?"

"Wa asali. Wa kila siku." Halafu akakumbuka. Nilimwona anakumbuka. Akafumba macho, akageuzia uso ukutani, na mpaka leo sijui kama alilala au aliona haya kwa niaba yangu.

Daktari akanitazama. "Vijiko vingapi, bibi?"

"Vinne."

"Kwa siku?"

"Kwa kikombe."

"Vikombe vingapi?"

"Vitatu. Akiwa na hamu, hata sita."

Akamgeukia yule binti. "Andika." Binti akaandika. Nilisikia kila herufi ikikwaruza karatasi.

Kisha daktari akaniambia, na wala hakupandisha sauti, ningependa angepandisha. "Bibi, siku zote hizi tulikuwa tunaongeza sindano kupambana na asali tusiyoijua. Leo asali umeiondoa bila kutuambia, sindano ikabaki na mzee peke yake. Ungeniambia siku ya kwanza ningekukataza, ungenikasirikia, basi. Hata jana ungeniambia, ningepunguza sindano na leo asingeanguka."

Safari hii sikuitikia, nilisikiliza.

Wifi alisimama pale chini alipokuwa. Akaniuliza swali moja tu. "Ule uji ulikuwa wako, eeh?" Akatoka nje.

Kwa hiyo mnielewe vizuri. Siku ile mimi sikuungama. Nilikamatwa, tena nilikamatwa na mgonjwa mwenyewe. Kuungama ndiyo hiki ninachofanya sasa, na kimechelewa.

Waliyapanga matibabu upya. Sindano zikapunguzwa, chakula kikaandikwa, kila kijiko. Namba zikaanza kuja tisa, nane, nane, tisa. Kimashine kilipona ghafla, bila hata kubadilishiwa betri.

Kesho yake nilimfuata yule binti pale anapopangia dawa. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe."

Aliendelea kupanga vidonge. Akasema, "Bibi, mimi nilikuuliza kwenye chupa kuna nini. Jibu la siku ile ndilo nililolihitaji. Samahani ya leo haina pa kuandikwa kwenye faili."

Nikasimama. Nikasema, "Nilikusema vibaya kwa watu."

"Nilisikia. Pale nje mnapofulia kuna dirisha."

Nilirudi pale nje, nikawaita wale wanawake niliowapa somo, nikawaambia nilikuwa nadanganya na sindano hazina kosa. Wawili walinisikiliza. Wa tatu akasema, "Bibi wamekutisha hao," na akaendelea kuamini yale ya kwanza. Uongo wangu ulikuwa mtamu kuliko ukweli wangu. Huyo wa tatu namfikiria mpaka leo, sijui mume wake aliishia wapi.

Baba Mwanaidi alitoka akiwa hai. Watu wanasema nishukuru, na nashukuru. Lakini aliyeingia hospitali na aliyetoka si mtu mmoja. Daktari alituambia kwamba moyo ungeweza kupona vizuri baada ya lile la kwanza, ila hili la pili limeuacha na nguvu ndogo. Zamani alikuwa anakwenda msikitini na kurudi kabla chai haijapoa. Sasa anapumzika mara tatu njiani, kwenye jiwe, kwenye kibanda cha fundi baiskeli, na kwenye ukuta wa shule. Jioni miguu inavimba. Shamba limelimwa na watu wengine mwaka huu, yeye amewekewa kiti anatazama. Anaona mistari haijanyooka, anataka kusema, pumzi inamkatiza.

Wifi tunasalimiana. Mimi na yeye tulikuwa tunasengenya mpaka mkaa unaisha jikoni. Sasa ni "hujambo," "sijambo," basi.

Haya, nimalize na nyinyi mnaosoma, kwa sababu nawajua. Nawajua kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wenu.

Nyinyi mnaokwenda kumwona mgonjwa wa sukari mmebeba soda ya chungwa na mkate, mnamwambia "kula, baba, upate nguvu." Nguvu ya kupigana na nani? Nyinyi mnaosema asali si sukari, tende si sukari, juisi ya miwa si sukari, ni vya asili. Damu ya mtu haiulizi kitu kimetoka kiwandani au mzingani. Nyinyi akina bibi wenzangu ambao tumezaa, tumelea, tumezika, tukadhani basi na kongosho tunalijua. Mimi hilo neno kongosho nimelisikia hospitali nikiwa na wajukuu kumi na wawili. Nilishauri watu kuhusu sukari miaka tisa bila kujua inapangwa na kiungo gani.

Sisemi msipeleke chakula. Pelekeni, wagonjwa wetu hawana mwingine wa kuwalisha. Ila ile chupa ifungue mbele ya nesi kabla hujaifungua mbele ya mgonjwa. Akikukataza, kasirika, nuna, msengenye ukifika nyumbani, lakini uji umwage. Na kama umeshampa kwa siri, sema leo, kabla hawajaongeza sindano. Ukishampa kwa siri siku tano, usije ukaacha kwa siri siku ya sita. Hapo ndipo mimi nilipokaribia kumuua mtu ninayempenda, na nilikuwa nimekaa ndani ya gari najiona mke mwema.

Mimi sasa napika vile walivyotuandikia. Napika vizuri, sijawahi kukosea tangu tutoke kule. Juzi mchana nilimtengea maharage na ugali kidogo. Akachukua tonge, akalichovya, akalirudisha sahanini.

"Mama Mwanaidi, humu umeweka nini?"

Miaka arobaini na moja hakuwahi kuniuliza. Nikamtajia kimoja kimoja. Maharage, kitunguu, nyanya, chumvi kidogo.

Akanitazama usoni kwanza, kisha akala.